Mvua Yenye Tisa Kumi na Tano

Karatasi ilibandikwa Jumamosi asubuhi kwenye mlango wa kinu cha posho pale Kathonzweni. Kabla gunia la pili la mahindi halijasagwa, jina la Syombua lilikuwa limeshafika sokoni, likapita kwa wauza kuku, likarudi kinuni likiwa limetiwa chumvi.

"Mwaitu, mama yetu, njoo uone mvua yako," alimwita Muthama, mwenye kinu, mtu ambaye unga ulimfanya mzee wa nywele nyeupe ilhali hakuwa na miaka arobaini. "Njoo na miwani. Hii si ya kusoma hivi hivi."

Syombua alitua kikapu chake, akasogea. Karatasi ile aliijua. Ilitoka Kiboko, kwa mradi wa mbegu za ukame, wenye ofisi kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mwaka huo wa tisini na tisa mradi ulikuwa umepata kompyuta, na ndani ya kompyuta kulikuwa na ukurasa wa intaneti, ambao wafadhili huko ng'ambo waliufungua ili kuiona mvua ya Ukambani bila kulowa. Kila wiki ukurasa huo ulichapwa kwenye karatasi, nakala ikaletwa kinuni ili wakulima nao waione mvua iliyowanyeshea.

Kathonzweni ilikuwa na vipimo viwili. Kimoja kilikuwa cha Mzee Musembi, mwenye duka upande wa pili wa mto, mzee wa kanisa. Jumla yake ya wiki iliandikwa 2. Cha pili kilikuwa cha Syombua, mjane wa Ndolo. Jumla yake ya wiki iliandikwa 0.7999999999999999.

"Nimezihesabu," Muthama alisema. "Tisa ziko kumi na tano. Sasa mwaitu, hiyo ya mwisho kabisa uliionaje?"

"Alimuuliza malaika," akasema mama mmoja kwenye foleni.

"Malaika gani? Alipima na kijiko cha dawa ya mtoto."

Syombua hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Aliisoma ile namba kutoka kushoto hadi kulia, akarudi nayo kutoka kulia hadi kushoto kama mtu anayekagua mshono. Wiki ile mvua ilimjia mara mbili tu. Jumanne aliandika sifuri nukta saba. Ijumaa aliandika sifuri nukta moja. Yeye aliishia darasa la saba, lakini hata mtoto wa darasa la tano angekwambia jumla ni sifuri nukta nane, na hapo kuna kalamu ya risasi tu, hakuna umeme.

Juma la juu yake lilikuwa baya vile vile. Badala ya tatu nukta tatu iliandikwa 3.3000000000000003, sifuri kumi na nne zimepangwa mstarini kama watoto wa shule wanaongoja uji.

Lakini kilichomkata maini kilikuwa chini ya karatasi, maneno machache ya Bwana Nzomo, mkuu wa mradi. Alisema kwamba kuanzia Novemba Kathonzweni itabaki na kipimo kimoja tu. Alhamisi atakuja mwenyewe kuamua. Msomaji ambaye namba zake zinaaminika atabaki. Cha mwenzake kitang'olewa.

Mkebe ule wa mvua Ndolo aliusimika kwa mikono yake mwaka wa themanini na moja, mbali na paa, mbali na mti, kama alivyofundishwa. Alipofariki, miaka tisa iliyopita, asubuhi ya mazishi watu walimwona mjane akitoka nyumbani saa tatu kamili, amevaa nguo za msiba, akaenda kwenye mkebe, akatazama, akaandika 0.0, ndipo akarudi kukaa chini na kulia. Tangu hapo hakuwahi kukosa siku. Wala hakuwahi kuandika asichokiona. Sasa jina lake lilikuwa mlangoni kwa Muthama, likisema kwamba Syombua wa Ndolo hubuni mvua.

Mzee Musembi alimkuta pale pale. Alikuwa na sauti nzito ya kutangaza nyimbo, na hata akikusalimu ulihisi uinuke usimame.

"Dada Syombua, pole. Mimi nilikuambia mwaka jana, achana na hizo nukta. Tazama yangu. Moja. Moja. Mbili. Mtu akisoma analala vizuri."

"Mimi naandika ninachokiona, mzee."

"Hata mimi. Lakini mvua ni ya Mungu, haihesabiwi makombo. Nikiona imepita mstari kidogo, naipandisha. Kwa nini nimpunguzie Mungu?"

Watu wakacheka, na wengine wakaitikia amina.

Jumapili mambo yakawa mabaya zaidi. Wakati wa maombi Mzee Musembi alisimama akaomba kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wasafiri, na kwa ajili ya dada yetu aliye katika majaribu ya hesabu. Kanisa zima likainamisha kichwa, na mabega mengine yakawa yanatikisika. Syombua aliomba pamoja nao, kwa sababu maombi ni maombi. Ila alifungua jicho moja, akaona Musembi naye amefungua moja, anamtazama.

Alipofika nyumbani lilimjia wazo. Kwa nini asiandike namba nzima kama mwenzake? Sifuri nukta saba iwe moja. Sifuri nukta moja iwe sifuri. Hakuna tisa, hakuna kelele, mkebe unabaki. Alitoa daftari, akashika kalamu. Kisha akaona kurasa za mwanzo, mwandiko wa Ndolo ulioegemea kushoto kama mwenyewe alivyokuwa akitembea: 11.3, 0.2, 0.0, 0.0, 6.8. Akaweka kalamu chini.

"Bwana," alisema, "kama ni kung'olewa, king'olewe kikiwa kinasema kweli."

Jumatatu alingoja saa tatu, akasoma mkebe, akaandika, ndipo akafunga madaftari yake ndani ya leso akashika njia ya Kiboko.

Ofisini alimkuta mtu mrefu mwembamba, wa miaka thelathini hivi, amekaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai ya maziwa. Ndiye Mursal Bile, aliyeutengeneza ule ukurasa. Baba yake, Msomali, aliuza mbuzi na ng'ombe Mwingi, na Mursal alikua hapo, hivyo Kikamba alikijua kama mtu wa Kathonzweni, na matusi yake pia.

"Karibu, mama. Keti. Chai?"

"Baadaye. Ni nani aliandika hizi tisa?"

Mursal akaitazama nakala ya karatasi aliyoonyeshwa pale mezani, akajikuna shingo. "Hakuna aliyeandika, mama. Ulileta saba na moja za baada ya nukta, nikaingiza vile vile. Kompyuta ndiyo imejumlisha."

"Kwa hivyo kompyuta haijaenda shule."

"Imeenda sana. Shida ni kwamba yenyewe inajua sifuri na moja tu, hesabu zake zote ni za mbili mbili. Nusu inaiweza, robo inaiweza. Lakini moja ya kumi haiingii sawasawa. Ni kama ukate chapati moja kwa watu watatu halafu uandike kwa desimali. Utaandika tatu, tatu, tatu, mpaka daftari liishe."

"Ehe."

"Sasa ukiipa sifuri nukta moja, inashika kitu kilicho karibu sana na sifuri nukta moja. Huwezi kuona tofauti. Lakini ukijumlisha, kale kapungufu kanachungulia mlangoni. Ndizo hizo tisa."

"Kwa hivyo inasema uongo mdogo."

"Mdogo sana, mama. Mdogo kuliko nywele."

"Uongo haupimwi kwa milimita, mwanangu. Ya Mzee Musembi mbona haina?"

"Yeye analeta namba nzima. Namba nzima hazina shida, inazijumlisha vizuri kabisa."

Basi ndivyo ilivyo, Syombua akawaza. Aliyeandika kwa uangalifu amekuwa mwongo, na aliyeandika kwa kukadiria amekuwa mtakatifu. Hata kanisani alishayaona hayo.

"Irekebishe," akasema. "Alhamisi Bwana Nzomo anakuja."

"Hiyo ni dakika moja." Mursal akavuta kibodi. Ukurasa ulikuwa na maagizo yake nyuma, mistari ya Kiingereza kilichovunjika ambacho Syombua hakujaribu kukisoma, na kati ya mistari hiyo Mursal akaongeza neno moja la kukadiria, linalogeuza kila namba kuwa nzima iliyo karibu. Akafungua ukurasa upya. "Tazama. Tisa zimekwenda."

Kweli zilikwenda. Jumla ya wiki ikawa 1. Syombua akasogeza kiti, akapitisha kidole juu ya kioo, siku baada ya siku.

"Hii Ijumaa ni nini?"

"Sifuri. Ilikuwa sifuri nukta moja, ikashuka."

"Kulinyesha Ijumaa."

"Mama, ni tone."

"Vumbi lililala mpaka saa nne. Nilienda kisimani nikarudi bila kupiga chafya hata moja. Wewe unasema hakukunyesha." Kidole kikaendelea. "Na hii? Niliandika kumi na mbili nukta tano."

"Imekuwa kumi na tatu. Nusu inapanda juu."

"Umewanyang'anya wadogo ukawapa wakubwa. Hiyo ni serikali, si hesabu. Rudisha."

Mursal akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akarudisha. Alifikiri kidogo, akasema kuna njia nyingine: unazidisha kila namba kwa kumi, unaikadiria ikiwa kubwa, halafu unaigawanya kwa kumi. Hivyo tarakimu ya kwanza baada ya nukta inapona, zilizobaki zinakatwa. Akaandika, akafungua. Jumla ikasimama pale, safi, 0.8.

"Bwana asifiwe," Syombua akasema, na akakubali chai. Lakini alikunywa akitazama kioo, na kabla hajafika nusu ya kikombe alikitua.

"Kuna siku niliandika saba nukta sifuri. Hapa kuna saba peke yake."

"Ni kitu kimoja, mama. Saba na saba nukta sifuri."

"Si kitu kimoja."

"Muulize mwalimu yeyote."

"Mwalimu hapimi mvua. Sikiliza. Nikiandika saba, labda nilitazama nikiwa mlangoni nikasema, ah, hiyo ni kama saba. Nikiandika saba nukta sifuri, nilitazama mpaka mstari mdogo, nikaona hakuna kilichozidi. Hiyo sifuri ni shahidi wangu. Na hizi siku za kiangazi, umeniandikia sifuri moja kama mtu aliyelala. Mimi niliandika sifuri nukta sifuri. Nilienda, nikachungulia ndani, nikaona mkebe mkavu."

"Lakini kompyuta haioni tofauti. Ukiipa saba nukta sifuri, hiyo sifuri inaitupa."

"Ndiyo maana wewe umeajiriwa."

Mursal akamtazama mwanamke huyu wa leso na madaftari, akaona hatatoka ofisini bila sifuri yake. Akaanza upya. Alisema basi atailazimisha. Akiisha kukadiria, atabandika nukta na sifuri mwishoni mwa kila namba. Akaandika harakaharaka, akafungua ukurasa kwa fahari. Saba ikawa 7.0. Zile za kiangazi zikawa 0.0. Na kumi na mbili nukta tano ikawa 12.5.0.

Wote wawili waliitazama.

"Hii sasa ni aya ya Biblia," Syombua akasema.

Mursal akafuta. Akajaribu kuuliza kwanza kama nukta ipo, na kama ipo asiongeze. Ikakubali mahali pamoja, ikakataa pengine, na kufikia saa tisa alasiri chai ilikuwa imeshika utando na nywele zake zimesimama. Mara mbili alitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, na Syombua aliijua maana yake, akaitikia amina.

Mwishowe ni Syombua aliyemhurumia.

"Wewe, unahangaika kwa sababu umebeba nukta tangu asubuhi. Itue."

"Niitue wapi?"

"Mimi nauza ndengu sokoni. Nina gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na nilitafuta kikombe ambacho kikijaa mara kumi kinalijaza gorogoro. Sasa mteja mmoja anataka vikombe saba, mwingine kimoja. Mimi siku nzima sihesabu gorogoro. Sisemi nusu, sisemi robo, sisemi nukta. Nahesabu vikombe: saba, na kimoja, nane. Jioni nikimaliza ndipo nasema, hiyo ni gorogoro sifuri na vikombe vinane. Vikiwa sabini, nasema gorogoro saba na vikombe sifuri. Kikombe hakiwezi kunidanganya, kwa sababu hakikatwi."

Mursal aliacha kuchapa. Akaanza kusema peke yake kwa Kisomali, halafu kwa Kiswahili. Nukta iondolewe mlangoni. Sifuri nukta saba iingie kama saba. Sifuri nukta moja iingie kama moja. Zijumlishwe zikiwa nzima, na nzima hazina shida. Mwisho, wakati wa kuandika tu, tarakimu ya nyuma isogezwe, nukta ikae mbele yake, na kama hakuna kitu mbele ya nukta, paandikwe sifuri. Namba haibebi nukta. Nukta ni maandishi, inavaliwa mlangoni mtu akitoka.

Akaandika. Akafungua. 0.7, 0.1, jumla 0.8. Juma la juu, 3.3. Saba, 7.0. Kumi na mbili nukta tano, 12.5. Kiangazi chote, 0.0 chini ya 0.0 chini ya 0.0.

"Miaka miwili nimesoma Nairobi," Mursal akasema.

"Na mimi nimeuza ndengu miaka ishirini."

"Ya Mzee Musembi nayo itabadilika, mama. Agizo ni moja kwa vipimo vyote."

Syombua akainua macho hadi safu ya pili. 1.0. 0.0. 1.0. 3.0. 2.0. 5.0. Ikashuka hivyo hivyo mpaka chini. Aliona, akaelewa alichokiona, akafunga mdomo. Agizo lilikuwa la haki, na haki si yake kuizuia. Hata hivyo njiani kurudi aliomba msamaha kwa ule utamu aliousikia moyoni, ikiwa ulihitaji msamaha.

Alhamisi watu walijaa mbele ya kinu kuliko siku ya soko. Muthama alizima mashine, jambo ambalo hakufanya hata diwani alipokuja. Bwana Nzomo, mtu mfupi mwenye kofia ya kaki, alisimama juu ya kizingiti na karatasi mpya mkononi. Mursal alikuwa amemleta kwa gari la mradi, akaegemea boneti.

"Kwanza," alisema Bwana Nzomo, "zile tisa zilikuwa kosa letu sisi wa ofisi. Mama Syombua aliandika sawa. Jumla ni sifuri nukta nane."

Wale wa kijiko cha dawa wakatazama viatu vyao.

"Pili. Sasa ukurasa unaandika kila mvua kwa nukta moja. Nimeziangalia namba zote, siku sitini. Za Mama Syombua zinacheza: nukta saba, nukta nne, nukta moja, sifuri. Hivyo ndivyo mvua ilivyo, haina mpangilio. Lakini Mzee Musembi, yako ni moja nukta sifuri. Tatu nukta sifuri. Tano nukta sifuri. Siku sitini, mzee, na mvua yako haijawahi kuvuka mstari hata mara moja."

"Mvua ya mzee ina nidhamu," Muthama akasema. "Ikifika kwenye mstari inasimama, inangoja maelekezo."

Mzee Musembi akakohoa. "Mimi sikuandika hizo sifuri. Mimi niliandika moja. Sifuri zimeongezwa na huyu kijana."

"Ni kweli," Mursal akasema bila kuondoka kwenye boneti. "Lakini mzee, zile za mama alizileta mwenyewe."

"Hebu tuletee glasi yako," Bwana Nzomo akasema. "Ile glasi ndefu ya kupimia tuliyokupa, yenye mistari midogo. Labda mistari imefutika."

Musembi hakusogea. Aliyejibu ni Mumbua, mama aliyekuwa mbele na mtungi wa mafuta, asiyejua kabisa kwamba anafichua kitu.

"Ile yenye mistari? Si ndiyo unanipimia mafuta ya taa?"

"Ndiyo hiyo," akasema mwingine. "Nami hunipimia nayo. Duka la mzee lina kipimo cha haki, ndiyo maana tunavuka mto."

Sasa ilibidi ateme. Mzee Musembi alieleza, kwa ile sauti yake ya nyimbo ikiwa imeshuka chini ya besi, kwamba glasi ilikuwa nzuri mno, na wateja walikuwa wakilalamika juu ya kikombe chake cha zamani, na alidhani mvua haitajali. Mvua aliipima kwa futi ya fundi, ile ya kitambaa ya kupimia nguo. Aliitumbukiza mkebeni, akaitoa, akasoma palipolowa.

Bwana Nzomo alifunga macho. Akaomba mkebe mtupu pale kinuni, akamimina maji kidogo ndani, akaomba futi. Ikaletwa kutoka dukani, ya manjano, imekunjwa. Akaichovya, akaitoa, akaishika juu ili kila mtu aone. Palipolowa palikuwa kwenye mbili. Wakiwa bado wanatazama, maji yakapanda taratibu ndani ya kitambaa, yakapita mbili na nusu.

"Ngoja kidogo," Muthama akasema, "itafika tatu. Mungu hapunguziwi."

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya punda wa mtu akate kamba. Mzee Musembi alisimama katikati yake kama nguzo ya ua, akitazama ile futi. Syombua alimwona. Aliitazama mikono yake, akakumbuka kwamba ni mikono hiyo iliyoshika upande mmoja wa jeneza la Ndolo.

"Kipimo kinachobaki ni cha Mama Syombua," Bwana Nzomo akasema baada ya watu kutulia. "Cha Mzee Musembi tunakichimbua leo. Mama, nataka jina moja tu kwako. Ukisafiri, ukiugua, nani atasoma badala yako? Siwezi tena kuwa na pengo."

Watu wakajipanga vizuri. Muthama alijipangusa unga kifuani.

"Mzee Musembi," Syombua akasema.

Hata Mursal alitoka kwenye boneti.

"Mwaitu," Muthama akauliza, "huyu? Huyu wa futi?"

"Huyu ameshaionja aibu ya kukadiria. Ninyi wengine bado."

Bwana Nzomo alimtazama muda mrefu, akaandika jina. Mzee Musembi alienda dukani, akarudi na ile glasi ndefu mikononi mwake, ameioshaosha, nayo bado inanuka mafuta ya taa. Akamkabidhi Syombua kwa mikono miwili.

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Saa tatu kasoro dakika tano Mzee Musembi alikuwa langoni kwa Syombua, na kofia yake ya Jumapili. Syombua alimimina maji ya mkebe katika glasi, akaiweka juu ya jiwe bapa.

"Soma, mzee."

Akainama kidogo, mikono nyuma. "Nne."

"Ukitazama kutoka juu maji yanakudanganya. Jicho lako liwe sawa na maji. Piga magoti."

"Hapa kwenye tope?"

"Ndolo alipiga hapo miaka tisa."

Mzee Musembi akapiga magoti, goti moja, kisha la pili, akashuka mpaka ndevu zake zikakaribia jiwe. Wanawake wawili waliokuwa wakipita kando ya ua walipomwona hivyo, na Syombua amesimama mbele yake, wakapunguza sauti na kutembea kwa vidole.

"Nne," akasema. "Na kitu."

"Kitu gani, mzee?"

"Kidogo tu."

Syombua akangoja. Hakuwa na haraka. Ndengu zilikuwa zimeshapandwa. Mzee Musembi alifunga jicho moja, akafungua, akafunga la pili. Kofia ikaanguka topeni na hakuiokota.

"Nukta tatu," akasema hatimaye. "Nne nukta tatu."

"Andika."

Akaandika, akainuka kwa kushika jiwe, akapangusa suruali. Akalifunga daftari, akampa. Halafu, Syombua akiwa ameshainua glasi kumwaga, mzee alimshika mkono.

"Ngoja kwanza, dada," akasema, na akarudi chini kwenye tope. "Usimwage. Sina hakika kama si nne nukta nne."